Moto Kusini mwa Darubini

Kibanda cha darubini nilikijenga mwenyewe, mwaka 1975, juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Kuta zilikuwa za mbao za msindano na paa la bati. Paa lote lilikaa juu ya magurudumu ya toroli, ili lisukumwe upande mmoja na anga ibaki wazi. Nilikuwa fundi seremala wa Idara ya Ujenzi mpaka nilipostaafu, na hesabu nilisoma shule ya jioni nikiwa tayari na watoto wanne. Kwa hiyo Sekela aliponieleza anachotaka, hakulazimika kueleza mara mbili.

Sekela ni binti yangu wa mwisho. Wakati ule alikuwa akisoma shahada ya pili ya fizikia Dar es Salaam. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimewapa darubini kwa majuma machache, wakatafuta mahali palipo kusini, pa juu na pakavu. Kwa makaburu, Afrika Kusini, ambako darubini kubwa zilikuwapo, watu wetu hawakwenda. Sekela akasema kwao kuna kilima.

Usiku usio na mwezi, ukisimama kwangu na kutazama kusini, utaona juu kidogo ya vilima madoa mawili meupe, kama moshi uliosahauliwa na upepo. Si mawingu. Ni galaksi, makundi ya nyota yaliyo nje kabisa ya kundi letu sisi, nayo ndiyo majirani zetu. Katika lile dogo, ambalo wataalamu huliita Wingu Dogo, iko nyota kubwa ya rangi ya bluu ambayo haiko peke yake. Inazungukana na mwenzake asiyeonekana, mdogo mno na mzito mno, anayemwaga mionzi ya eksirei, ile ile ambayo hospitali huitumia kupiga picha za mifupa. Yule mdogo humvuta mkubwa mpaka anachongoka kama yai. Mkubwa anapogeuka, nuru yake huongezeka na kupungua kwa kiasi kidogo sana. Kazi ya Sekela ilikuwa kupima kiasi hicho, usiku baada ya usiku, mpaka apate mchoro wa mzunguko mzima.

"Yule mwingine hatumwoni kabisa, Baba," aliniambia. "Tunamjua kwa jinsi anavyomvuta mwenzake."

Mzunguko wao ni siku nne kasoro saa mbili na nusu hivi, na kasoro hiyo ndiyo iliyoongoza kila kitu. Sekela alitaka hasa kupima nuru wakati yule asiyeonekana amepita nyuma ya mkubwa. Mwanzoni mwa Oktoba jambo hilo lilikuwa likitokea mchana kwetu, jua likiwaka. Kila mzunguko lilirudi nyuma kwa saa hizo, likahamia asubuhi, likahamia alfajiri, likaingia usiku. Lilipoingia usiku mara ya kwanza, watu wa mabondeni walikuwa wanachoma mashamba na upande wa kusini wote ulikuwa umefunga kwa moshi. Mara ya pili ilikuwa Jumapili, na kulikuwa na mawingu. Kalista, mke wangu, alitupandishia chai kilimani, tukainywa tukitazama mawingu. Mara ya tatu ingeangukia Alhamisi, saa tatu za usiku. Jumamosi lori lingekuja kuichukua darubini. Vipande vingine vyote vya mchoro Sekela alikwisha kuvipata.

Kalista alifariki siku iliyofuata ile Jumapili ya mawingu, yaani Jumatatu.

Alikuwa anachambua maharage barazani. Nilimsikia akisema "Ee," kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilipotoka, ungo ulikuwa umemwagika.

Tulizika Jumatano. Watu walinipa pole na mimi niliitikia. Nakumbuka nilitazama jeneza nikaona pembe moja haikuunganishwa sawasawa. Nilikuwa nimeomba nilitengeneze mwenyewe, wakanikataza. Zaidi ya pembe ile sikumbuki mengi.

Kalista alikuwa Mhehe wa Kihesa, kule Iringa, na ukoo wao una utaratibu wao. Siku ya kifo huwashwa moto uani. Moto huo hauzimwi wala hauhamishwi mpaka kaka wa marehemu afike auzime kwa mkono wake. Kalista mwenyewe aliulinda hivyo moto wa mama yake, na alikuwa amewahi kuniambia kwamba wa kwake nao utalindwa. Kaka yake ni Kasian. Tulimpigia telegramu Jumatatu ile ile, akapanda basi Jumatano. Alhamisi asubuhi dereva wa lori la mafuta akasimama barabarani kutuletea salamu zake: basi limeharibika gia Nyololo, wanangoja spea, tusimtarajie leo.

Sasa nyumba yangu iko kusini mwa kilima, chini yake. Wingu Dogo kwetu halipandi juu sana. Hukaa upande wa kusini, chini chini. Moshi wa uani kwangu ulipanda mbele yake hasa. Darubini huipima nyota ile, kisha nyota jirani isiyobadilika, kisha anga tupu, kisha hurudi tena. Moshi ukipita katikati ya kipimo na kipimo, hujui kilichopungua ni nuru ya nyota au ni moshi umezidi.

Mlinzi wa moto alikuwa Jailos, jirani yangu, mzee wa kanisa. Nilimwendea akiwa anasukumiza magogo.

"Leo saa tatu usiku Sekela anahitaji anga ya kusini," nikasema.

"Anga si ipo?"

"Moshi."

Jailos akautazama moto, akaniangalia. "Mzee mwenzangu, moto wa msiba hauhamishwi kama mbuzi."

"Najua."

"Na kuuzima ni Kasian."

"Najua."

"Basi tuwaombee mafundi wa Nyololo," akasema, akaongeza gogo.

Sekela tangu Jumatatu hakuwa amepanda kilimani. Alikaa na wanawake, amejifunga kanga kichwani, na kila mara alikaa akikipa kile kibanda mgongo. Nilimwita pembeni.

"Unahitaji nini?"

"Sihitaji kitu, Baba."

"Kipande kile."

"Kitabaki wazi. Nitaandika kwamba vipimo havikupatikana." Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kisha akaongeza, "Mtu yeyote atakayeusoma mchoro ataanza kutafuta hapo hapo. Ndipo penyewe. Lakini si kitu," akarudi jikoni.

Alasiri ndipo alipofika Kashindye.

Kashindye ni Msukuma. Ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini ukaingia Usangu, na yeye akaanza kulima mpunga Ubaruku. Kila mavuno Kalista alikwenda kununua mchele kwake. Siku ya kwanza kabisa mimi nilikuwapo. Kalista alilibana debe kwa magoti akawa analitikisa mchele ushuke, analitikisa tena, amechomoza kidevu, mpaka Kashindye akashindwa kuvumilia.

"Mama, unapima mchele au unaufundisha ngoma?"

"Na wewe unauza mchele au unauza hewa?"

Tangu hapo Kashindye akawa anamwita mtani, naye Kalista vivyo hivyo. Wahehe na Wangoni utani wao unajulikana, umetokana na vita vya zamani. Wa Wahehe na Wasukuma mimi sikuwahi kuusikia. Hao wawili walijitengenezea wao.

Alishuka kwenye lori na debe la mchele kichwani. Wanawake walipomwona mgeni wakaanza kilio cha kumpokea. Yeye akapaza sauti kuwapita.

"Yuko wapi huyo mwizi? Nasikia kafa! Kafa na debe langu!"

Kilio kikakatika. Jailos akasimama.

Kashindye akatua mchele, akaenda kujilaza mlangoni, kifudifudi juu ya kizingiti. "Sitoki! Atoke mwenyewe anijibu. Mwanamke mkaidi wewe, umeona mavuno yanakuja ndiyo ukaamua kuondoka? Nani atanitukana mwaka huu?"

Bibi mmoja Mhehe, aliyeolewa huku kwetu, akacheka kwanza. "Huyo mtani," akasema. "Mwacheni."

Kashindye akainuka, akachukua kanga ya Kalista kwenye kamba ya nguo akajifunga kiunoni. Akalibana debe kwa magoti. Akachomoza kidevu. Akaanza kutikisa. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi, lakini kwa muda ule kidevu kilikuwa cha Kalista na mabega yalikuwa ya Kalista. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaketi chini, halafu kicheko kikageuka. Sekela alicheka amejiziba mdomo, kisha akainama akalia, kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

Mimi niliona kwamba anamwiga vizuri. Hilo tu ndilo nililoliona.

Baadaye akaja kuketi karibu nami penye moto, kanga bado kiunoni.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Binti vipi na nyota yake? Nilimwambia aachane nayo. Nyota zote ni za Wasukuma, sisi ndio tunaolala nje na ng'ombe."

Nikamweleza habari ya saa tatu, na ya moshi, na ya lori la Jumamosi. Nilieleza vizuri, nilijishangaa jinsi nilivyoeleza vizuri. Alisikiliza akichokoa majivu kwa kijiti.

"Mpaka kaka aje," akasema.

"Mpaka kaka aje."

"Na kaka yuko Nyololo anakula mahindi ya kuchoma."

"Ndiyo."

Akalitazama jua. Lilikuwa linakaribia kugusa mlima. Akainuka, nikadhani anakwenda kujisaidia. Alirudi na ndoo ya maji kutoka jikoni, akaimwaga yote motoni.

Kama kuna wakati anga ya kusini ilizibwa kabisa, ni jioni ile. Mvuke na moshi viliruka vikafunika ua, paa na kilima. Watu walikohoa. Jailos alimkamata Kashindye ile kanga.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimezima. Mtani msibani ana ruhusa."

"Mtani wa nani? Wewe ni mtani wa debe! Utani ni wa kabila na kabila, si wa mchele!"

"Basi nipigeni faini, kama mtani aliyezidisha. Mkinipiga faini, mimi mtani. Msiponipiga, mimi mhalifu, niitieni polisi."

"Huu moto ulikuwa unamngoja Kasian!"

"Na mimi nilimngoja Kalista kila mavuno. Mbona hamkunizuia nilipomwiga?"

Jailos akamwachia. Akatoa kiberiti mfukoni. "Tutauwasha upya hapa hapa, kabla haujapoa. Itakuwa kama haukuzimika." Kisha akanigeukia. "Lakini mwenye msiba ni wewe, Eliezeri. Sema."

Wote wakaniangalia. Sekela alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi, haitazami kilima wala hanitazami mimi, anatazama sahani. Nilijua kwamba nikisema uwashwe, hatanilaumu hata siku moja. Nilijua pia kwamba nikisema uachwe, Kasian atakuwa na haki ya kutonisemesha mpaka tufe. Nikajitafuta ndani kuona ninataka lipi. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kupapasa sanduku la vifaa gizani, na kila mahali mkono ufikapo ni mbao tupu. Nilichokipata ni jambo nililowahi kulisikia kwa masikio yangu.

"Kalista alimwita mtani," nikasema. "Nilimsikia mwaka hadi mwaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mtani. Moto umezimwa na mwenye ruhusa."

Jailos alisimama na njiti moja mkononi. Kisha akairudisha kiberitini. Akachukua koleo, akaanza kufukia makaa kwa udongo, maana makaa yaliyolowa huendelea kutoa moshi usiku kucha.

"Mkizima, zimeni sawasawa," akasema, bila kumwangalia mtu.

Giza liliingia. Wanaume walijifunika mablanketi wakaketi kuzunguka udongo mweusi, kama vile moto bado upo. Sekela akanijia.

"Baba."

"Nenda."

"Paa nitasukuma na nani?"

"Na mimi."

Tulipanda. Nililisukuma paa, likaenda bila kelele. Magurudumu nilikuwa nimeyapaka mafuta Jumapili. Kusini palikuwa safi. Sekela aliwasha tochi yake yenye karatasi nyekundu, akaunganisha betri, akainama kwenye darubini. Mashine ilianza kuchora mstari wake kwenye karatasi. Nyota, jirani, anga tupu. Nyota, jirani, anga tupu. Majina hayo aliyasema kwa sauti ya mama yake anapohesabu mayai. Nililiona hilo pia, nikaliacha lipite.

Chini wanawake walikuwa wanaimba. Hapakuwa na mwanga wa kusomea vitabu, kwa hiyo waliimba zile wanazozijua kwa moyo, na walipozimaliza walizirudia.

"Njoo utazame, Baba."

Nikaweka jicho. Kulikuwa na nukta nyingi, hafifu, zimesongamana.

"Ni ipi?"

"Hiyo ya katikati kabisa."

"Na yule mwingine?"

"Yuko nyuma yake, sasa hivi."

Nikatazama kwa muda ule ambao mtu hutazama kitu alichoambiwa akitazame. Kisha nikampisha.

Alipomaliza aliukunjua ule mkanda wa karatasi, akaupima kwa rula. "Imepungua kidogo."

"Ndivyo ulivyotarajia?"

"Ndivyo." Akanionyesha kwa kidole: nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha. Kisha akakalia sanduku la betri akafunika uso kwa viganja, nami nikasukuma paa kulirudisha.

Kasian alifika Ijumaa mchana. Alikuwa amevaa koti zito na vumbi la njia nzima lilikuwa juu yake. Wanawake walilia, yeye akalia, halafu akaenda moja kwa moja uani akasimama mbele ya udongo.

"Nani kauzima?"

"Mimi," akasema Kashindye, kanga ya Kalista ikiwa bado kiunoni. "Mtani."

Kasian aliitazama ile kanga. Aliijua, yeye ndiye aliyemnunulia. Tulimngoja apige kelele. Hakupiga. Akanigeukia, nami nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na nyota.

"Nyota," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Haikuweza kungoja?"

"Haikuweza."

"Mimi nilitembea kutoka Nyololo mpaka miguu ikavimba, ndipo nikapata lori."

Akaomba kuni kavu. Akapiga magoti, akaufukua udongo kwa mikono, akakusanya majivu pembeni, akawasha moto mpya pale pale. Jailos alitaka kumsaidia, akamkataza. Kisha akaketi. Mimi nikaketi upande wa pili. Hakunifukuza.

Tulikaa hivyo mpaka jioni. Mara moja tu alimwita Kashindye.

"Ulikuwa unamdai nini dada yangu?"

"Debe."

"Na mimi nakudai mbuzi."

"Mweupe au mweusi?"

"Mnene," akasema Kasian, akarudi kuutazama moto wake. Jailos, aliyekuwa amesikia, akashusha pumzi akaenda kunywa chai.

Giza lilipoingia Kasian aliinuka. Akachota udongo kwa viganja akaumwaga juu ya moto, kidogo kidogo, pande zote, mpaka moshi ukakatika. Sekela alikuwa amesimama karibu, ameshika birika la maji ya kumnawisha. Kusini, juu ya vilima, doa lilikuwa limeanza kuonekana.

"Ni lile?" Kasian akauliza.

"Lile dogo, Mjomba."

"Na huyo aliyejificha bado yuko nyuma?"

"Hapana, Mjomba. Alishatoka tangu alfajiri."

Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mikono, naye Sekela akammiminia maji. Kisha wakaingia ndani, maana masanduku ya darubini yalikuwa hayajafungwa na lori lingekuja asubuhi.

Mimi nilibaki. Niliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa bado una joto. Niliuacha mkono pale mpaka ulipopoa.